Namna ya kujizuia kubeti ukiwa Uingereza, kuanzia GAMSTOP mpaka laini ya nyumbani

Huu mwongozo ni wa Waswahili wenzangu mlioko Uingereza ambao kubeti kumeshawashinda na mnataka kuacha. Sio kupunguza, kuacha. Iwe ni mikeka ya mpira, iwe ni sloti na ruleti kwenye simu usiku wa manane ukiwa shifti, njia ni ile ile. Huku kuna utaratibu wa kujizuia kwa hiari, na daftari lake kuu la mtandaoni linaitwa GAMSTOP, yaani we mwenyewe unaenda kusema "msiniruhusu", na kampuni zenye leseni zinalazimika kukukatalia hata kesho ukirudi unawabembeleza wakufungulie. Na ni bure, usimlipe mtu yeyote akufanyie.

Ila watu wengi wanajisajili nusu nusu. Anajaza jina moja na imeili moja, wiki mbili baadae yuko ndani tena kwa imeili nyingine, halafu anawaambia wenzie hiyo kitu haifanyi kazi. Inafanya kazi, lakini inakutambua kwa taarifa ulizoipa tu, na sisi watu wa kwetu taarifa zetu zimetawanyika sana, tumehama nyumba mara kibao, tuna laini mbili tatu, majina kwenye paspoti yameandikwa hivi na kwenye kadi ya benki vile. Kwahiyo tenga masaa mawili, kaa chini, ufanye yote kwa mkao mmoja na ujaze kila kitu. Ukisema hii nitamalizia kesho, kesho unakuwa mtu mwingine, na huyo wa kesho hataki kumalizia.

Kabla hujafungua fomu

Usisubiri kurudisha hela. Naiweka mbele kabisa kwa sababu ndo inachelewesha watu kuliko kitu chochote, mtu kaliwa pauni mia nane za kodi ya nyumba anasema ngoja nizirudishe kwanza halafu ndo nijisajili, mwezi unaisha kaliwa elfu mbili na hela ya upatu imeenda pia. Hela iliyoliwa imeshaliwa. Hata kama una mkeka unasubiri mechi za wikiendi, jisajili hivyo hivyo, kampuni zina utaratibu wao kwa mikeka iliyokuwa wazi, utawaandikia baadae uulize, lakini usiufanye huo mkeka kuwa sababu ya kukaa siku tatu zaidi.

Chukua karatasi na kalamu, sio simu. Andika imeili zako zote, hata ile ya zamani ya Yahoo uliyofungulia Dar au Mombasa. Andika namba zote za simu ulizowahi kutumia huku, pamoja na ile laini ya kulipia kabla uliyonunua siku ya kwanza. Andika postikodi za nyumba zote ulizokaa, pale kwa shemeji ulipofikia, chumba cha chuo, nyumba ya kushea, unapokaa sasa. Andika kampuni zote ulizofungua akaunti unazozikumbuka, na ukikwama fungua imeili zako utafute maneno kama bonasi, amana, karibu tena, kwa Kiingereza chake, zitatokea zenyewe moja baada ya nyingine. Mwisho andika benki na kadi zote unazotumia kuweka hela.

Kama kuna salio kwenye akaunti yoyote, kampuni yenye leseni inatakiwa ikurudishie ukijizuia, hawaruhusiwi kubaki nalo. Unaweza kulitoa kabla. Lakini kama unajijua kwamba ukiingia kutoa utaanza "kidogo tu", usiingie, jisajili kwanza halafu dai hela yako kwa imeili. Inachukua muda zaidi, ila inakuja.

GAMSTOP yenyewe

GAMSTOP ndo daftari kuu la kujizuia kubeti mtandaoni. Lilianza 2018, na tangu 31 Machi 2020 kila kampuni ya kubeti mtandaoni yenye leseni ya Tume ya Kamari ya Uingereza lazima iwe imeunganishwa nalo, mwanzoni mwa sheria hiyo kuna kampuni zilichelewa kujiunga zikasimamishiwa leseni. Watu waliojisajili mpaka sasa wamepita laki tano, kwahiyo ondoa ile aibu kwamba ni wewe peke yako.

Nenda gamstop.co.uk. Andika anwani hiyo mwenyewe, usitafute kwenye gugo kwa maneno ya jumla, maana matangazo yanayokuja juu mengine ni ya tovuti za kubeti zinazowinda watu kama wewe, nitazieleza mbele. Pale utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, postikodi, imeili na namba ya simu, halafu watathibitisha kama kweli ni wewe. Kama umefika Uingereza juzi juzi na bado huna historia ya mikopo wala bili kwa jina lako, mfumo unaweza usikupate moja kwa moja. Usikate tamaa ukafunga, fuata wanavyokuelekeza au wapigie, namba iko hapo hapo kwenye tovuti na haikukati hela.

Sasa sikiliza kuhusu majina, hapa ndo sisi tunavuja. Fomu imetengenezwa kwa watu wenye jina la kwanza na la ukoo, basi. Sisi paspoti ina majina matatu, jina la baba katikati na la babu mwisho, halafu benki ikachukua mawili, na kazini wanakuita la kati kwasababu ndo wameweza kulitamka. Mwingine ni Abdallah kwenye paspoti, Abdalla kwenye leseni ya udereva, Abdulla kwenye akaunti ya kubeti. Dada aliyeolewa ana jina la baba na jina la mume. Anza na majina kama yalivyo kwenye kitambulisho ulichotumia kufungulia akaunti za kubeti, hayo ndo yenye uzito, halafu kama una majina mengine uliyotumia na huoni pa kuyaweka, piga simu uwaambie wayaongeze. Tarehe ya kuzaliwa weka ile ya kwenye hati zako za huku, hata kama we unajua sio yenyewe. Wengi waliopitia ukimbizini waliandikiwa tarehe 1 Januari, na hiyo ndo kampuni za kubeti wanayo.

Ukishapata akaunti yako ya GAMSTOP ingia tena uongeze zile imeili, namba na anwani zilizobaki kwenye karatasi yako, zote. Na kila ukihama nyumba au ukibadili namba, rudi ubadilishe. Watu wanasahau hii, anahama kutoka Reading kwenda Leeds, postikodi imebadilika, laini mpya, imeili mpya, anafungua akaunti na mfumo hauoni kama ni yeye.

Utaulizwa muda gani. Kuna miezi sita, mwaka mmoja, miaka mitano. Mimi msimamo wangu hauna kona, chagua miaka mitano. Najua inatisha, na ndo maana watu wanachagua sita "kujaribu". Lakini hesabu: mwisho wa ligi, Mei, ndo wengi wanaamua kuacha, wamechoka, msimu umewamaliza. Miezi sita kutoka Mei ni Novemba, ligi imekolea, Ligi ya Mabingwa inachezwa katikati ya wiki, na giza linaingia saa kumi jioni uko chumbani peke yako. Sio wakati wa kuachiwa. Na kumbuka ukishachagua huwezi kupunguza, hata uwapigie na machozi, hawafupishi, hiyo ndo nguvu yake.

Kama unaogopa kwamba itakuharibia, haingii kwenye rekodi yako ya mikopo, sio kesi ya jinai, na mwajiri wako hapelekewi barua yoyote.

Usajili unaweza kuchukua mpaka masaa 24 kuanza kufanya kazi kwa kampuni zote. Hayo masaa ni ya hatari, kuna mtu akili inamwambia "nina usiku mmoja wa mwisho". Fanya usajili asubuhi siku ambayo una shifti ndefu au una watu nyumbani, futa programu zote za kubeti kwenye simu palepale, na endelea na hatua zinazofuata bila kunyanyuka.

Kampuni moja moja

Pamoja na GAMSTOP, zile kampuni kubwa ulizokuwa unazitumia sana waandikie moja kwa moja, kwenye akaunti kuna sehemu ya kujizuia, au ongea na huduma kwa wateja. Faida yake, masharti ya leseni yanawataka wakutoe kwenye orodha zao za matangazo ndani ya siku mbili. Zile meseji za ijumaa mchana "ofa yako inakusubiri" zimerudisha watu wengi. Angalizo, usichanganye na kupumzika. Watakupa kitufe cha kupumzika kuanzia siku moja mpaka wiki sita, hicho kinaisha chenyewe na unarudi. Wewe unataka kujizuia, ambako kwa kampuni moja kunaanzia miezi sita.

Piga skrinishoti kila unachofanya, na uhifadhi majibu yao ya imeili. Utajua kwanini mbele.

Benki

Hii naipenda kuliko zote kwasababu inakata hela kabla haijafika kwao. Karibu benki zote kubwa huku, Monzo na Starling ndo walianza 2018, halafu wakaja Barclays, Lloyds, HSBC na wengine, wana kitufe ndani ya programu yao cha kuzuia malipo ya kamari. Ukikiwasha, kadi inakataa malipo yoyote yenye msimbo (code) wa biashara ya kamari. Ukitaka kukizima hakizimiki palepale, benki nyingine inakuwekesha masaa 48, nyingine 72, na hayo masaa ni ya thamani sana, maana hamu ya kubeti mara nyingi inakuja kwa nguvu halafu inashuka. Kadi za mkopo zenyewe haziruhusiwi kubetia kwa kampuni zenye leseni za huku tangu 14 Aprili 2020, kwahiyo wasiwasi wako ni kadi za kawaida. Kama hukioni kitufe wapigie benki uulize, wasikutishe, wanaulizwa hilo kila siku.

Washa kwenye kila kadi, hata ile yenye pauni nne. Na ujue mipaka yake, kitufe kinashika malipo ya kadi. Ukituma hela kwa njia ya benki kwenda benki, au ukapitishia kwenye pochi ya mtandaoni halafu ukabetia kutoka huko, kinaweza kisione kitu. Kwahiyo hizo pochi zifunge pia.

Kama una mtu unayemuamini kwelikweli, mke, mume, dada, mpange mshahara uingie kwenye akaunti ya pamoja, au kodi na bili zitoke siku ile ile mshahara unapoingia. Kwa anayefanya kazi za keya (kuhudumia wazee na wagonjwa) na kulipwa kila wiki, ijumaa ndo siku ya kuilinda.

Programu ya kubloku

Gamban ni programu inayozuia tovuti na programu za kubeti kwenye simu na kompyuta yako, zikiwemo nyingi za nje ambazo GAMSTOP haizigusi. Kwa kawaida inalipiwa, lakini ukipitia mpango wa TalkBanStop, ambao GAMSTOP, Gamban na GamCare, shirika la kusaidia walioathirika na kamari, wanaufanya pamoja, unaipata bure. Ipo pia BetBlocker, ya shirika la hisani, bure. Weka kwenye vifaa vyote, hata tableti ya watoto na ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ipo kwenye droo, maana siku hamu imekushika utaikumbuka hiyo simu.

Ukiwa kwenye simu hapo hapo, toka kwenye magrupu ya mikeka. Ya WhatsApp, ya Telegramu, wale wanaouza odds za uhakika na mechi eti zimepangwa, wote. Usiage, toka tu. Google na Facebook zote zina sehemu kwenye mipangilio ya matangazo ya kusema sitaki kuona kamari, iweke. Haitamaliza yote, ukiangalia mpira matangazo utayaona tu, ila inapunguza sana.

Maduka ya mtaani na kasino

GAMSTOP ni ya mtandaoni peke yake. Kama tatizo lako ni lile duka la kubeti la pale kona, kuna mpango wake unaitwa MOSES, unapiga 0800 294 2060, unawaambia maduka ya maeneo gani, unapokaa, unapofanyia kazi, stendi unayobadilishia basi, unatoa picha, na unazuiwa maduka ya kampuni tofauti kwa mpigo. Kasino za majengo zina mpango unaitwa SENSE, huo ni wa nchi nzima kwa mara moja. Kumbi za mashine na bingo nazo wana yao, uliza hapo hapo kaunta. Udhaifu wa maduka ni kwamba inategemea mfanyakazi akutambue kwa sura, kwahiyo badilisha na njia ya kupita ukitoka kazini, usijipime.

Matundu mawili ambayo hakuna daftari linaziba

La kwanza ni tovuti zisizo na leseni ya Uingereza. Wanajitangaza waziwazi kwamba wao hawamo kwenye GAMSTOP, na hilo tangazo linamlenga mtu mmoja tu, yule aliyejisajili jana na leo anahangaika. Fikiria hiyo biashara inamtafuta nani. Hawafuati masharti ya huku, ukishinda wanaweza kukataa kukulipa na huna pa kulalamika, na ukituma picha ya paspoti yako na kadi hujui inaishia wapi. Kama umeshawahi kuingia huko, dawa ni Gamban au BetBlocker pamoja na kile kitufe cha benki, na kama wanapokea sarafu za kidijitali basi futa na hiyo pochi ya sarafu. Ukitaka kujua kama kampuni ina leseni, Tume ya Kamari ina rejista ya wazi kwenye tovuti yao, unaandika jina inakuja.

La pili ni letu peke yetu, na sijaona mwongozo wowote wa Kiingereza unaoligusa. Ni laini ya nyumbani. Una laini yako ya Safaricom au Vodacom umeiweka hewani kwa ajili ya M-Pesa, umejenga, unalipa mafundi, unamtumia mama. Hiyo laini ina akaunti ya kubeti ya nyumbani, na GAMSTOP haina habari nayo hata kidogo. Mbaya zaidi, ukijitumia mwenyewe pauni mia kwa programu ya kutuma hela, benki yako inaona umetuma hela Afrika, haioni kamari, kile kitufe hakishtuki. Mtu amejizuia huku kila mahali, na anabetia shilingi usiku kucha, halafu ndugu wanashangaa nyumba imesimama kwenye lenta miaka miwili.

Kwahiyo fanya hivi. Akaunti za kubeti za nyumbani nyingi zinashikwa na namba ya simu, toa salio, halafu waandikie huduma kwa wateja kwa maandishi, sio kwa simu, useme unataka akaunti ya namba hii ifungwe moja kwa moja kwa sababu kubeti kumekuwa tatizo kwako na hutaki ifunguliwe hata ukiomba. Maneno hayo yaandike hivyo hivyo bila kupunguza. Waambie pia wasikutumie meseji tena. Kenya una haki ya kukataa matangazo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, zitaje kwenye barua yako. Wasipokujibu, msimamizi wa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Kenya, sheria mpya ya kamari ya 2025 imeunda mamlaka mpya kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya 1966. Ila nikuambie ukweli, kwa nyumbani usitegemee kampuni, tegemea kuikata hela njia.

Kuikata njia maana yake ni hii, acha kujitumia. Mama mtumie mama, fundi mlipe fundi, duka la vifaa lilipe duka, moja kwa moja kwenye namba zao, usipitishie kwako. Kama lazima laini yako ishike hela, iache simu hiyo nyumbani kwa kaka au dada anayejua kwanini umeiacha. Kenya jitoe Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, na akiba iweke kwenye M-Shwari, ile akiba ya ndani ya M-Pesa, aina ya kufunga, mwezi mmoja mpaka sita, ukitaka kuitoa kabla unasubiri siku mbili. Na umwambie yule anayesimamia ujenzi asikurudishie "chenji" kwenye laini yako.

Mtu wa kuongea naye

Haya mambo ya vitufe yanakupa nafasi ya kupumua, hayakutibu. Ukijizuia wiki za kwanza unaweza kukosa usingizi, hasira za ovyo, mikono inatafuta simu. Hiyo ipo na inapita.

Laini ya taifa ya msaada wa kamari, inayoendeshwa na GamCare, ni 0808 8020 133, bure, masaa 24. Kama Kiingereza chako kinakupa shida ukiwa na msongo, waulize mkalimani wa Kiswahili. England NHS ina kliniki 15 za kamari, ya kwanza ilifunguliwa London 2008, na huhitaji barua ya daktari wako, unajipeleka mwenyewe. Huko pia mkalimani ni haki kuomba, usimpeleke mtoto wako akutafsirie mambo haya, tafadhali. Wanaopenda kukaa na wenzao kuna mikutano ya Gamblers Anonymous miji mingi.

Wengi wetu, msikitini au kanisani, hiki ni kitu cha kuficha mpaka mwisho. Chagua mtu mmoja tu. Sio lazima imamu wala mchungaji, sio lazima umwambie kiasi chote siku ya kwanza. Lakini mmoja ajue, kwasababu siri ndo inakupa nafasi ya kwenda kuifungua ile simu ya kwenye droo.

Madeni, nenda StepChange au Citizens Advice, mashirika ya ushauri, bure wote wawili, usikope kwa mtu wa mtaani kulipa deni la kamari. England na Wales kuna utaratibu wa kupata siku 60 ambazo wadai wengi wanatakiwa kusimamisha riba na usumbufu wakati unapangiwa njia, wao watakuangalizia kama unastahili.

Na kama mawazo yamefika mahali unaona bora usiwepo, usimalize kusoma hapa. Piga 116 123, ni Samaritans, watu wa kukusikiliza ukiwa umekata tamaa, bure, usiku na mchana, au 111 uchague namba 2, na kama ni hatari sasa hivi 999. Watu wametoka kwenye madeni makubwa kuliko lako na wapo hai, wanalea watoto wao.

Kwa mke, mume, ndugu

Huwezi kumsajili mtu mwingine GAMSTOP, hata kama ni mumeo na una paspoti yake mkononi, ukifanya kwa jina lake bila yeye unakosea na itavunjwa. Unachoweza ni kukaa pembeni yake anapojaza, kumshikia ile karatasi, kumuuliza "na ile namba yako ya zamani?". Linda akaunti yako, badili paswedi na namba ya siri, na usimlipie deni kwa kumpa hela mkononi, lipa kwa anayedai. Hata wewe unaweza kupiga 0808 8020 133 kwa ajili yako, ile laini ni ya familia pia. Na usimtukane mbele ya watoto siku aliyoamua kusema. Kuna watu wamesema mara moja, wakadhalilishwa, hawakusema tena.

Ukiteleza, na muda ukiisha

Ukiteleza, usajili wako haufutiki, upo pale pale. Angalia umepitia tundu gani, imeili ipi, kadi ipi, uzibe siku hiyo hiyo. Kama kampuni yenye leseni ya Uingereza imekuruhusu wakati umejisajili kwa taarifa zako sahihi, walalamikie kwa maandishi ukiambatanisha zile skrinishoti. Wakipita wiki nane bila kumaliza, au wakikupa jibu la mwisho usiloliafiki, unaenda kwa msuluhishi wa nje ambaye wanalazimika kukutajia, bure. Tume ya Kamari haitakudaia hela yako, ila waambie, inawasaidia kuibana kampuni.

Muda ulioweka ukiisha, GAMSTOP haikufungulii yenyewe. Inaendelea kukuzuia mpaka wewe uwapigie kuomba utolewe, na hata ukiomba wanakupa masaa 24 ya kufikiria kwanza. Usipopiga, kizuizi kinaendelea mpaka miaka saba mingine. Baada ya hapo utajisajili upya, kwa hiyo ile tarehe iandike sasa hivi nyuma ya karatasi yako, na umpe na yule mtu wako mmoja aiandike kwake.